Mshipa, Kuota na Kuchipuka: Maandishi ya Judah Folkman juu ya Mishipa ya Uvimbe wa Saratani na Kiswahili cha Fizi na Baraka

1. Utangulizi

Mnamo Novemba 1971 Judah Folkman, daktari mpasuaji wa hospitali ya watoto ya Boston nchini Marekani, alichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine makala yaliyodai jambo ambalo wakati ule wataalamu wachache tu walikuwa tayari kulikubali. Alisema kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua kupita milimita moja au mbili pasipo kujipatia mishipa mipya ya damu. Na kwamba, endapo mishipa hiyo ingezuiwa, uvimbe ungebaki mdogo kiasi cha kutomdhuru mwenye nao. Mwaka huohuo J. F. Taylor, A. C. Templeton na wenzao, akiwemo mpasuaji wa Uganda Sebastian Kyalwazi, walichapisha uchunguzi juu ya saratani ya Kaposi kama ilivyoonekana kwa wagonjwa wa Uganda. Maandishi haya mawili yalitoka katika pande mbili za dunia zilizo mbalimbali. Hata hivyo yanakutana mahali pamoja, kwa kuwa saratani ya Kaposi, inayojulikana tangu zamani katika Uganda na katika Kivu, ni saratani ya mishipa yenyewe.

Makala haya yana madhumuni mawili. La kwanza ni kueleza kwa Kiswahili mafundisho makuu ya maandishi ya Folkman. La pili ni kuchunguza maneno ambayo mweleza jambo hili hulazimika kuyatumia mbele ya wasemaji wa Fizi na Baraka, katika Kivu Kusini. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili kina kitenzi kinachoifaa dhana hii kuliko istilahi yoyote ya kuazima, lakini kina pia nomino moja, mshipa, ambayo isipowekewa mipaka huweza kuyapotosha maelezo yote. Jambo hili halihusu kamusi peke yake. Linamhusu mgonjwa anayetakiwa kuamua kama atakubali kupasuliwa au la.

2. Kaa na miguu yake

Inafaa kuanza na jina la ugonjwa wenyewe. Neno saratani, lililosanifiwa katika Afrika ya Mashariki, limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa majini mwenye magamba na miguu mingi. Kiarabu nacho kilifuata njia iliyokwisha kupitwa na Wayunani: katika maandishi ya Hipokrati ugonjwa huu unaitwa kwa neno lenye maana hiyohiyo, na Kilatini kikaugeuza kuwa cancer, ambalo pia ni kaa. Galeni, tabibu aliyeishi Roma katika karne ya pili, alieleza sababu ya jina hilo. Alisema kwamba katika uvimbe wa titi mishipa ya damu iliyovimba huenea pande zote mfano wa miguu ya kaa iliyotoka katika kiwiliwili chake.

Kwa hiyo yale aliyoyatetea Folkman katika karne ya ishirini yalikuwa yamefichwa katika jina kwa takriban miaka elfu mbili. Watu wa kale waliiona mishipa kabla ya kujua kazi yake. Mkazi wa Baraka anayeifahamu kaa ya mawe ya Ziwa Tanganyika hana haja ya kuvuka bahari ili kuipata picha hiyo.

Lakini je, jina lenyewe linamfikia? Kiswahili kilifika katika pwani hii ya ziwa pamoja na biashara ya misafara ya karne ya kumi na tisa, kupitia Ujiji, na kikaendelea kukua kando ya Kibembe na lugha nyingine za mahali. Elimu ya uganga, kwa upande wake, ilikuja kwa Kifaransa. Ndiyo maana katika Kiswahili cha Kongo ya Mashariki neno linalosikika sana ni kansere, ambalo halimwonyeshi msikilizaji kaa wala mguu wa kaa. Tena, tangu 1996, watu wengi wa Fizi waliishi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, nchini Tanzania, ambako husikia Kiswahili cha hospitali za Tanzania. Aliyetibiwa huko hurudi na neno saratani. Aliyebaki nyumbani ana kansere. Ndugu wawili wa ukoo mmoja huweza kudhani kwamba yametajwa maradhi mawili. Mweleza jambo hana budi kuyataja majina yote mawili pamoja, walau mara ya kwanza.

3. Uvimbe usio na mishipa

Folkman alizaliwa mwaka 1933. Kati ya 1960 na 1962 alitumikia katika jeshi la majini la Marekani, katika maabara ya Bethesda, na kazi aliyopewa haikuhusu saratani. Yeye na mwenzake Frederick Becker walitakiwa kutafuta kitu cha kutumia badala ya damu katika safari ndefu za merikebu. Ili kukijaribu, walichukua tezi ya thairoidi ya sungura, yaani ile tezi ya kooni ambayo ikivimba huleta rovu, wakaiweka nje ya mwili na kuipitishia maji hayo katika mishipa yake. Kisha wakapandikiza ndani yake seli za saratani za panya ili kuona kama tezi ilikuwa hai kweli.

Seli hizo zilikua, zikafanya vivimbe vidogo vya milimita moja au mbili, kisha zikasimama. Hazikuwa zimekufa, maana ziliporudishwa katika mwili wa panya zilikua upesi na kuwa uvimbe mkubwa. Tofauti iliyoonekana ilikuwa moja: katika panya uvimbe ulipata mishipa mipya, na katika tezi ile iliyotengwa haukupata.

Sababu yake si ngumu kueleza. Kila seli ya mwili huhitaji oksijeni na chakula, navyo hutoka katika kapilari, yaani mishipa myembamba kupita yote, kwa kupenya polepole katika tishu. Upenyaji huo haufiki mbali: ni sehemu moja au mbili za kumi ya milimita tu. Seli iliyo mbali zaidi ya hapo hufa. Mtu wa Fizi anaweza kuulinganisha uvimbe huo na kitongoji cha mlimani kisichofikiwa na barabara. Wakazi wachache huishi kwa mizigo ibebwayo kichwani, lakini soko kubwa halijengeki huko mpaka barabara itokayo Uvira kupitia Baraka iwe imetoa tawi la kukifikia. Uvimbe hauhami kuifuata barabara; huifanya barabara ije kwake. Namna unavyofanya hivyo ndilo swali lililomshughulisha Folkman maisha yake yote.

4. Maandishi ya 1971 hadi 1997

Makala ya Novemba 1971 yalitanguliwa na mengine ya mwaka huohuo katika Journal of Experimental Medicine, ambamo Folkman na wenzake walieleza jinsi walivyotenga kutoka katika uvimbe kitu kinachowezesha mishipa mipya kutokea. Maana yake ilikuwa kwamba uvimbe hutoa ujumbe wa kikemia, nao ujumbe huo huziamsha seli bapa zinazotandika kuta za ndani za mishipa ya jirani. Seli hizo huanza kugawanyika, hutoboa ukuta, na kuelekea ulikotoka ujumbe, hata zikafanya mrija mpya.

Wengi walipinga. Baadhi yao walisema kwamba mishipa inayoonekana kuuzunguka uvimbe ni ile ya zamani iliyotanuka. Wengine walisema ni matokeo ya kidonda na uchochota, kama inavyotokea penye jeraha lolote. Folkman aliwajibu kwa majaribio zaidi kuliko kwa maneno. Mwaka 1972 yeye, Michael Gimbrone na wenzao walitumia jicho la sungura, kwa sababu sehemu yake ya mbele huonekana wazi kama dirisha. Kipande cha uvimbe kilichoelea katika maji ya jicho, mbali na mishipa, kilibaki kidogo kwa siku nyingi. Kipande cha namna ileile kilichogusana na sehemu yenye mishipa kilipata mishipa mipya, kikakua mara maelfu kwa muda wa majuma mawili. Kile kilichoelea nacho, kiliposogezwa karibu na mishipa, kikaanza kukua. Hapo ndipo dhana ya uvimbe uliolala ilipopata ushahidi wake.

Baadaye njia ziligawanyika mbili. Ya kwanza ilikuwa kukitafuta kichocheo. Mwaka 1983 Donald Senger na Harold Dvorak walieleza kitu kitokacho katika uvimbe ambacho huifanya mishipa ivuje. Mwaka 1984 maabara ya Folkman ilisafisha kichocheo kimojawapo kwa kutumia heparini. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na mwenzake walikisafisha kile kinachojulikana leo kwa herufi VEGF, na ikadhihirika kwamba ni kilekile cha Senger na Dvorak.

Njia ya pili ilikuwa kuvitafuta vizuizi. Mwaka 1994 Michael O'Reilly, akiwa katika maabara ya Folkman, alieleza anjiostatini, na mwaka 1997 endostatini, ambavyo vyote viwili ni vipande vya protini za kawaida za mwili. Historia ya anjiostatini inastahili kuelezwa kwa uangalifu. Wapasuaji walikuwa wamekwisha kuona kwamba, kwa baadhi ya wagonjwa, uvimbe mkubwa ukiondolewa, vivimbe vidogo vilivyokuwa mahali pengine huanza kukua. O'Reilly alionyesha katika panya wenye aina moja ya saratani ya pafu kwamba uvimbe mkubwa ulikuwa ukitoa kizuizi kilichosambaa katika damu na kuvizuia vile vidogo visipate mishipa. Ulipoondolewa, kizuizi kilitoweka.

Jambo hili likielezwa nusu huwa hatari. Msikilizaji anayeamini kwamba uvimbe ukiguswa kwa kisu hukasirika na kuenea, atasema kwamba sasa wazungu wenyewe wamekubali. Ukweli ni kwamba jaribio hilo lilihusu aina moja ya uvimbe katika panya, na kwamba kwa saratani nyingi za binadamu kupasuliwa mapema kungali njia kuu ya kupona. Kipande chenyewe kinachokatwa ili kupimwa ndicho kinachomwambia daktari ni ugonjwa gani. Mweleza jambo asiyemalizia sentensi hii ni afadhali asiianze.

5. Neno mshipa na mipaka yake

Katika maelezo yote yaliyotangulia neno lililotumika zaidi ni mshipa. Ni neno la kawaida, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa ni wazi. Uchunguzi mdogo huonyesha kwamba linabeba dhana zisizopungua nne.

Kwanza, mshipa ni mrija wa damu, uwe ule utokao moyoni au ule urudio moyoni. Elimu hutenganisha ateri, vena na kapilari; lugha ya kila siku haitenganishi. Pili, mshipa ni neva, na ndiyo maana istilahi huongeza sifa na kusema mshipa wa fahamu. Tatu, mshipa ni kano, ule uzi mgumu unaofunga msuli kwenye mfupa: aliyeteguka kifundo cha mguu husema mshipa umevutika. Nne, katika Kiswahili cha pwani mshipa ni jina la maradhi, hasa ngiri na busha, pamoja na maumivu ya chini ya tumbo yanayodhaniwa kutokana nayo. Kamusi za zamani zimeiandika maana hii bila kusita.

Kinachoziunganisha dhana hizi ni umbo. Kila kimoja kinafikiriwa kuwa kamba inayopita mwilini, inayokaza na kulegea. Umbo la neno linakaribiana na mshipi, ambao ni mkanda wa kiunoni na pia uzi wa mvuvi, ingawa kukaribiana kwa umbo peke yake si ushahidi wa asili moja. Lugha nyingine zilianza mahali pengine. Neno la Kiyunani lililoingia katika istilahi anjiojenesi lina maana ya chombo, yaani kitu chenye nafasi ndani. Na Kifaransa husema vaisseau, neno ambalo, sawasawa na chombo cha Kiswahili, hutaja pia merikebu. Muuguzi aliyesomea Kifaransa anafikiri chombo kinachopitisha kitu. Mgonjwa anayesikia mshipa, au mushipa kama wengi wanavyotamka upande huu, huweza kufikiri kamba inayokaza.

Madhara yake huonekana katika sentensi moja tu. Muuguzi akisema, “Uvimbe huu umepata mishipa,” msikilizaji anaweza kuelewa kwamba uvimbe umeshikamana na neva, na kwamba ukikatwa mgonjwa atapooza. Au kwamba ni ugonjwa wa mshipa, ambao una waganga wake na dawa zake za mizizi. Katika hali zote mbili hitimisho lake ni kukataa kisu, na limefikiwa kwa mantiki nzuri kutoka katika neno baya.

Dawa ya jambo hili si kulifukuza neno mshipa, maana hakuna lingine litakaloeleweka. Ni kulifunga. Katika maelezo ya saratani haifai kusema mshipa peke yake, bali mshipa wa damu, kila mara, hata kama msemaji anaona anajirudia. Kwa neva itumike mshipa wa fahamu, na kwa kano itumike kano au ukano. Tena ni vema kuanza kwa kumwonyesha mgonjwa mshipa wa damu juu ya mkono wake mwenyewe, halafu kuendelea.

6. Kuota na kuchipuka

Ikiwa nomino ina matatizo, kitenzi kina utajiri. Wataalamu hutofautisha njia mbili za kutokea kwa mishipa ya damu. Katika kiinitete mishipa ya kwanza hutokea upya, kutokana na seli changa zinazokusanyika mahali ambapo hapakuwa na mshipa. Katika uvimbe, aghalabu mishipa mipya hutoka ubavuni mwa mishipa iliyokwisha kuwapo. Istilahi za Ulaya hulazimika kuunda maneno mawili marefu ili kuitaja tofauti hii.

Kiswahili kina kuota na kuchipuka. Mbegu ya mahindi huota, nywele na meno huota. Jambo linalosisitizwa ni kutokea kwa kitu mahali ambapo hakikuonekana. Kuchipuka, kwa upande wake, huelekea zaidi kwenye chipukizi litokalo katika shina au kisiki kilichopo. Mkulima wa Fizi hupanda muhogo kwa kipande cha kijiti, wala hahitaji mbegu. Machipukizi hutoka katika vifundo vya kijiti hicho. Anaijua tofauti kati ya kijiti kilichochipuka na punje iliyoota, hata kama katika mazungumzo ya haraka vitenzi hivi hubadilishana nafasi.

Kwa msingi huo yapendekezwa uchipukaji wa mishipa ya damu kwa kile ambacho Folkman alikichunguza, na uotaji wa mishipa ya damu kwa utokeaji wake wa kwanza katika kiinitete. Istilahi anjiojenesi ibaki kwa wanafunzi wanaosoma vitabu vya kigeni. Kitenzi kuota kina upungufu mwingine: ni pia kuona ndoto na kujipasha moto. Sentensi “mishipa inaota” haina budi kumchekesha mtoto wa shule kabla ya kumfundisha. Kuchipuka hakuna kasoro hiyo, tena kunazaa kwa urahisi maneno ya jirani: kichipusho kwa kile kitu kinachoamsha mishipa, na kizuia-chipuko kwa dawa inayoizuia.

Yako pia maneno ya kuepukwa. Waandishi wengi hupenda kusema kwamba dawa hizi huuua uvimbe kwa njaa. Msikilizaji aweza kudhani kwamba mgonjwa ndiye anayetakiwa kufunga kula, na mgonjwa wa saratani aliyekonda hawezi kustahimili mfungo. Hali kadhalika haifai kusema kwamba uvimbe hunyonya damu. Katika nchi zilizosimuliwa hadithi za mumiani, na katika Katanga zile za batumbula, anayenyonya damu ni mtu mwenye nia mbaya, na swali linalofuata huwa ni nani aliyemtuma. Yatosha kusema kwamba uvimbe hujivutia damu kwa kuichipusha mishipa iliyo karibu nao.

7. Saratani ya Kaposi katika Kivu

Mfano ulio karibu kuliko yote kwa msomaji wa Kivu Kusini ni saratani ya Kaposi. Daktari Moritz Kaposi aliieleza Vienna mwaka 1872 kutokana na wagonjwa wachache. Katika Afrika ya kati haikuwa ugonjwa wa nadra. Mwaka 1957 A. Thijs aliandika juu yake katika Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi, na jina la Kifaransa alilolitumia lilikuwa tayari limebeba ndani yake kile kiungo cha Kiyunani chenye maana ya chombo cha damu. Mwaka 1961 wataalamu walikutana Kampala kuujadili ugonjwa huu, na mwaka 1962 Clemmesen, Maisin na Gigase walitoa taarifa ya awali juu ya saratani katika Kivu na Ruanda-Urundi.

Dalili zake hujulikana: mabaka na vinundu vyeusi au vya zambarau, hasa katika nyayo na miguu, na mara nyingi mguu huvimba. Hapo zamani uliwapata zaidi wanaume wazima na wazee, ukienda polepole kwa miaka. Watoto nao walipatwa, na kwao ulikuwa mkali. Tangu miaka ya 1980, pamoja na kuenea kwa UKIMWI, uliongezeka sana, ukawapata wanawake pia, tena kwa ukali. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore walitambua kirusi kinachohusika, ambacho ni cha jamii ya virusi vya malengelenge. Mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba mojawapo ya jeni za kirusi hicho huzifanya seli zitoe VEGF, kile kichipusho kilekile kilichotajwa juu. Ni kana kwamba kirusi kimejifunza hila ya uvimbe. Seli zilizoambukizwa ni za ukoo wa utando wa ndani wa mishipa, na kinundu chenyewe ni msokoto wa mishipa mipya, mibovu, inayovuja. Rangi yake ya zambarau ni rangi ya damu iliyovuja.

Hapa tena neno mshipa huleta mtego. Mgonjwa aliyevimba mguu akiambiwa kwamba ni saratani ya mishipa, aweza kuuweka ugonjwa wake pamoja na mishipa ile ya ngiri, au na matende. Akiambiwa kwamba ni saratani inayotokana na mishipa ya damu kuchipuka ovyo kwa sababu ya kirusi, anapata sababu ya kwenda kupimwa damu. Na kupimwa kuna faida. Kwa mwenye virusi vya UKIMWI, dawa za kupunguza makali ndizo msingi wa tiba, na pale ugonjwa ulipoenea huongezwa dawa za saratani. Utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa, zikiwemo Kenya na Uganda, na kuchapishwa 2020, ulionyesha kwamba paklitakseli ilifaa zaidi kuliko matibabu mengine mawili yaliyolinganishwa nayo.

8. Matumaini na mipaka yake

Mei 1998 gazeti la New York Times lilieleza katika ukurasa wake wa kwanza matokeo ya anjiostatini na endostatini katika panya. Kwa siku chache dunia ikadhani kwamba saratani imekwisha. Wagonjwa wakapiga simu mahospitalini. Bei ya hisa za kampuni iliyohusika ikapanda kwa kasi. Folkman mwenyewe alikuwa akiwakumbusha watu kwamba panya si binadamu. Miaka iliyofuata ilithibitisha tahadhari yake.

Dawa ya kwanza ya aina hii, bevasizumabu, ambayo hukinasa kichipusho VEGF, iliruhusiwa Marekani Februari 2004 kwa saratani ya utumbo mpana iliyoenea. Katika utafiti uliosababisha ruhusa hiyo, nusu ya wagonjwa waliopewa dawa za kawaida peke yake waliishi zaidi ya miezi 15.6, walioongezewa bevasizumabu, zaidi ya miezi 20.3. Faida hiyo ni ya kweli, lakini ni ya miezi. Uvimbe hupata njia nyingine za kuchipusha mishipa, kama maji yanavyopata mfereji mwingine yakizibwa. Mahali ambapo wazo la Folkman limeleta nafuu kubwa bila kutazamiwa na wengi ni katika jicho, ambako dawa za kuzuia VEGF huzuia upofu unaoletwa na mishipa mipya inayovuja.

Wazo hilohilo lilipata pia wafuasi wasioalikwa. Mwaka 1975 maabara ya Folkman ilionyesha kwamba gegedu, ambayo haina mishipa ya damu, ina kitu kinachozuia mishipa isichipuke. Kutokana na hilo wafanyabiashara walianza kuuza unga wa gegedu ya papa kama dawa ya saratani. Dondoo lake lilipojaribiwa kwa utaratibu kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, matokeo yaliyochapishwa 2010 yalionyesha kwamba halikurefusha maisha yao. Kwa hiyo anayesikia sokoni kwamba kuna unga unaokausha mishipa ya saratani ajue kwamba maneno hayo yana chembe ya elimu ndani yake, na kwamba chembe hiyo haitoshi kuwa tiba.

9. Hitimisho

Folkman alifariki Januari 2008, baada ya kuona wazo lililochekwa mwaka 1971 likiwa sura ya kawaida katika vitabu vya wanafunzi. Maandishi yake yanafundisha kwamba uvimbe hauishi peke yake, bali huishi kwa yale unayoyaamsha katika mwili unaouzunguka.

Kwa upande wa lugha, imeonekana kwamba kazi ya istilahi, ambayo kwa miaka mingi imefanyika hasa Tanzania kwa kutoka katika Kiingereza, haiwezi kuhamishiwa Fizi na Baraka kama ilivyo, kwa kuwa wauguzi wa huko wamefunzwa kwa Kifaransa na wagonjwa wao wana Kiswahili kilichokua kando ya ziwa. Mambo matatu yafaa kuzingatiwa: kansere na saratani zitajwe pamoja, mshipa usitajwe bila sifa yake, na uchipukaji upewe nafasi kabla ya anjiojenesi. Yanaonekana madogo. Lakini mtu aliyeletwa kwa pikipiki kutoka milimani, akiwa na kinundu cheusi unyayoni, hana nafasi nyingi za kuelezwa mara ya pili. Sentensi ya kwanza atakayoisikia ndiyo atakayorudi nayo nyumbani, na ndiyo itakayojadiliwa na ukoo mzima usiku ule.